Kitanda Nyuma ya Vikapu vya Krismasi

Mnaonifuata tangu mwanzo mnakumbuka nilipoishia wiki jana. Nywele zangu zilikuwa zimenyolewa, mume wangu Nyangau alikuwa amezikwa kando ya nyumba ya mama yake kule Nyamira, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nikiambiwa na kila aliyeingia kwamba nilie. Sikulia. Hiyo ndiyo iliyokuwa habari kubwa ya msiba ule, kuliko hata lori lililomwua pale Keroka. Mjane hakulia.

Kwa anayenikuta leo, jina langu ni Loice. Mimi na Nyangau tulikuwa na duka la mvinyo na pombe kali mjini Kisii. Alilichukua kwa Mhindi aliyehamia Kisumu, miaka ile Wahindi walipokuwa wakifunga maduka yao mmoja mmoja. Watu waliliita duka la chupa. Mwaka ni 1971, na ninayosimulia leo yote yalitokea Desemba.

Msiba ulipoisha nilipanda basi nikarudi mjini. Hakuna aliyenituma wala aliyenizuia. Nyumbani walidhani nimekwenda kuchukua nguo zangu.

Sikwenda kuchukua nguo. Nilifungua duka kwa sababu ilikuwa Desemba, na Desemba duka letu lilikuwa linafunguliwa.

Nyangau ndiye aliyeanzisha vikapu. Watu wetu wanaofanya kazi Mombasa, Nairobi na kwenye mashamba ya chai ya Kericho walikuwa wakirudi Krismasi, wanashuka kwenye basi, ndipo wanakumbuka kwamba wana wazazi. Nyangau aliwangojea. Alinunua vikapu vile vya kupakulia ugali wa wimbi, ambavyo kwetu huitwa ekee, akavipanga kwenye veranda kila kimoja na utepe mwekundu.

Kikapu cha Mama kilikuwa na mvinyo mtamu wa sheri, mkebe wa biskuti na kitambaa cha kichwa. Cha Mzee kilikuwa na brandi na ugoro. Cha Wakwe kilikuwa na chupa mbili, kwa sababu kuwapelekea wakwe chupa moja ni kuwatukana.

Kulikuwa na cha nne kisicho na jina, cha ndugu zetu Wasabato. Hicho kilitiwa mvinyo wa tangawizi usiolewesha, umezungushiwa gazeti ili mtu asiuone, ingawa haukuwa na dhambi yoyote ndani yake. Hao hawakuja kwa veranda. Walipitia mlango wa nyuma.

Na mlango wa nyuma uliingilia chumbani kwetu. Mimi na Nyangau tulilala stoo, kati ya makreti, tukiogopa wezi. Wazee wa kanisa waliofuata tangawizi walipita ubavuni mwa kitanda changu wakitazama dari.

Sheri aliyoiagiza Nyangau ilifika yeye akiwa ameshazikwa. Niliipokea, nikaifuta vumbi, nikafunga tepe. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi. Mimi mwenyewe sijui nilikuwa wapi.

Mteja wa kwanza alikuwa Angwenyi, mtu wa bandarini Mombasa.

"Nyangau yuko wapi?" alipaza sauti toka barabarani. "Mwambieni nimekuja na kiu ya mwaka mzima!"

"Amekufa," nikasema.

Akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena.

"Pole sana, mama. Nyangau huyu huyu?"

"Huyu huyu."

"Pole. Ee. Na Kikapu cha Wakwe, bado mnacho?"

"Kipo."

"Basi heri ya Krismasi. Yaani, pole."

Nikamfungia kikapu chake. Aliondoka akikibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Kwenye veranda yetu palikuwa na mwanamke mzee aitwaye Gesare, muuza ndizi. Alikuwa pale tangu enzi za Mhindi. Alimaliza kumtazama Angwenyi, kisha akanigeukia.

"Wewe, mke wa Nyangau. Unalala wapi siku hizi?"

"Ndani."

"Kwenye kitanda kile kile?"

"Sina kingine."

"Nyasae ashukuriwe," akasema. Kwa lugha yetu Nyasae ni Mungu. "Basi usikitoe. Hata wakikuletea cha chuma chenye springi, usikitoe."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama anayetazama ndizi iliyoiva upande mmoja.

"Baba mkwe wako alikuwa anakunywa wapi brandi yake akija mjini?"

"Hapa nje. Kwenye sanduku lako."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata mvua ikinyesha."

"Na wewe ulidhani anapenda hewa?"

Nilisoma hadi kidato cha pili. Shuleni nilifundishwa kwamba nyumba ni nyumba na duka ni duka. Lakini kwetu Gusii kuna heshima inayoitwa chinsoni, na hiyo haikusoma popote. Baba hakanyagi penye kitanda cha mwanawe aliyeoa. Haingii, hachungulii, wala hakioni kitanda chenyewe kwa macho yake. Nyumbani Nyamira baba mkwe wangu, mzee Ogari, hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Kumbe hata hapa mjini, kati ya wiski na jini, alikuwa anaona kizingiti kile kile.

"Sasa sikiliza," Gesare akasema. "Wanataka duka. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Wiki hii Nyamira yote itapita hapa kununua vikapu. Wakimwona mzee ameketi kwenye kiti cha Nyangau, basi, duka limekuwa lake, na hakuna baraza litakalolirudisha. Wewe utapelekwa nyumbani ukangoje wakuchagulie mwanamume wa kukuangalia. Lakini haingii humo kama kitanda kimo. Kitanda ndicho askari wako, mama."

Nikaingia stoo nikakitazama. Kilikuwa cha mbao nzito. Nyangau alikitengenezesha kwa fundi wa Nyanchwa tulipooana. Upande mmoja wa godoro ulikuwa bado na bonde lake. Sikuwa nimelala hapo kwa hila yoyote. Nilikuwa nimelala hapo kwa sababu ndipo ninapolala.

Walikuja asubuhi ya siku ya soko.

Mzee Ogari alitangulia na fimbo yake. Nyuma yake alikuja Cleophas, mdogo wake Nyangau, karani wa ushirika wa pareto. Alikuwa amevaa tai. Cleophas alivaa tai hata kuchinja mbuzi.

"Ng'ina Kemunto," mzee aliniita, yaani mama Kemunto, kwa jina la binti yangu. Hakuwahi kuniita vingine. "Umeamkaje?"

"Salama, tata." Tata ndivyo tunavyomwita baba.

"Duka linauza?"

"Linauza."

Akaketi kwenye sanduku la Gesare, kama kawaida yake, uso kuelekea mlango. Aliinua kikapu kimoja, akakipindua, akakinusa.

"Ekee ni ya ugali. Mnatia pombe mahali pa ugali, halafu mnashangaa kifo kinaingia."

"Vinanunuliwa, tata."

"Hata sumu ya panya inanunuliwa." Akakirudisha. "Ng'ina Kemunto, mwanangu hakuacha mtoto wa kiume. Kilichokuwa chake kinarudi kwangu. Leo nimekuja kukaa ndani."

"Karibu, tata," nikasema.

Sikumdhihaki. Ndilo neno linalosemwa. Lakini lilipotoka, Gesare akajifunika mdomo kwa khanga.

Mzee hakuinuka.

"Kitanda bado kimo?" akauliza, akitazama fimbo yake.

"Kimo, tata."

"Basi siwezi."

"Tata, hili ni duka!" Cleophas akasema. "Lina leseni. Serikali yenyewe imeandika kwamba ni duka."

"Na serikali inalala wapi?" Gesare akauliza.

"Wewe mama, uza ndizi zako."

"Nauza. Leo zimeshuka bei kwa wenye tai."

Watu wakacheka. Shingo ya Cleophas ikavimba.

"Kitanda ni mbao tu," akasema. "Mbao na misumari. Tutakitoa, tutafagia, tata ataingia, na habari itaishia hapo. Shemeji hana neno. Au una neno, shemeji?"

Msomaji wangu, nimeulizwa mara nyingi kwa nini sikusema kitu. Mkononi nilikuwa na kitambaa cha kichwa cha Kikapu cha Mama. Nikakikunja. Nikakikunjua. Nikaona kwamba kina maua ya njano, na kwamba sijali.

Cleophas akaenda kumwita Manasseh, mwenye mkokoteni, aliyekuwa akitubebea makreti kutoka stendi. Wakapita kwenye kaunta wakaingia stoo. Nikasikia makreti yakisogezwa, kisha wakibishana.

"Mlango wa nyuma hautoshi," Manasseh alisema. "Mhindi aliujenga kwa ajili ya mtu mmoja na kreti moja."

"Basi tukipitishe mbele."

"Mbele?"

"Ndiyo, mbele. Mlango ni mlango. Inua!"

Hapo ndipo Cleophas alipokosea, na ilikuwa kosa la mtu mwenye haraka. Alifikiria upana wa mlango. Hakufikiria ni nani aliyeketi nje akiuelekea.

Kitanda kilitoka kichwa mbele, kikakwama kizingitini, wakakigeuza miguu itangulie, kikatoka. Kilitoka na godoro lake, shuka yangu ya jana, na ile khanga ninayolalia. Kikasimama kwenye veranda, hatua moja tu kutoka magoti ya baba mkwe wangu.

Mzee Ogari alikiona.

Sikuwahi kumwona akikimbia kabla ya siku ile. Fimbo ilianguka. Aliruka ngazi ya veranda, akavuka barabara bila kutazama, basi la Keroka likampigia honi, naye hakusimama mpaka alipofika ng'ambo kwa fundi cherehani. Hapo akageukia ukuta. Akatuelekezea mgongo.

Wazee wawili wa Nyamira waliokuwa wakija kununua Kikapu cha Mzee wakasimama njiani. Waliona kitanda, wakaniona mimi, wakaelewa. Wao pia wakavuka. Wao pia wakageukia ukuta.

Sasa migongo ilikuwa mitatu.

"Cleophas!" Gesare alipaza sauti, machozi ya kicheko yakimtoka. "Umemfukuza baba yako kwa kitanda! Hata mwizi hakuwahi kumkimbiza hivyo!"

"Nyamaza!"

"Nyamaza nini? Mwite arudi basi. Mwambie ni mbao na misumari!"

Soko lilikuwa limeanza kumiminika kwetu. Wanawake waliweka chini mizigo yao. Kijana mmoja wa Nairobi, suruali imepanuka chini, bado ana mkoba wa safari begani, alijipenyeza mbele.

"Mama, na hiki nacho ni cha Krismasi? Kinauzwa na chupa ngapi?"

"Hakiuzwi," nikasema.

"Na anayelala juu yake?"

Wanawake wakamzomea mpaka akarudi nyuma. Nilimsikia kama redio inayolia nyumba ya jirani.

Cleophas akamgeukia Manasseh. "Shika. Tukirudishe ndani upesi."

Manasseh alikuwa anajifuta mikono kwenye kaptula, taratibu, kila kidole.

"Mimi niliitwa kubeba mbao," akasema. "Sikuitwa kubeba mambo."

Akachukua mkokoteni wake akaenda. Cleophas akawatazama wanaume waliozunguka veranda. Kila aliyetazamwa alikumbuka kitu cha kutazama kwingine. Hakuna aliyetaka kukigusa kitanda cha mjane ambaye nywele zake hazijaota.

Alijaribu kukiinua peke yake. Upande mmoja ukapanda, mwingine ukabaki chini, godoro likateleza kidogo. Tai ikaning'inia juu ya shuka yangu.

Na kitanda kimeziba mlango. Nyuma yake ilikuwa kaunta, nyuma ya kaunta kiti cha Nyangau, kitupu. Hakuna mteja aliyeweza kuingia, na vikapu vilipangwa pale na tepe zao kama watoto waliovalishwa nguo za sikukuu wakaambiwa hawaendi tena.

Ndipo sauti ikatoka ng'ambo ya barabara.

"Cleophas!"

Mzee hakugeuka. Aliuambia ukuta, lakini soko zima lilisikia.

"Naam, tata!"

"Kirudishe ndani."

"Tata, lakini si tulikubaliana kwamba wewe utakaa—"

"Nimesema kirudishe. Umekigusa kitanda cha ndugu yako mbele ya watu wote hawa. Umekitoa nje kama mwenyewe. Basi hakuna mwanamume mwingine wa kukirudisha. Kirudishe, na ukishaingia nacho usitoke. Kaa humo. Lala humo. Duka la ndugu yako uliangalie, na mke wa ndugu yako umwangalie."

Wazee wawili walio kando yake walitikisa vichwa kukubali. Migongo mitatu, na vichwa vitatu vikiafikiana na ukuta.

Kicheko kilikatika. Gesare akasema, kwa sauti ya chini, "Na mkeo aliyeko Nyamira, Cleophas? Yeye atapelekewa kikapu gani?"

Cleophas aliitazama rafu ya brandi. Kisha akanitazama mimi. Kwa mpangilio huo. Nikaona uso wake unabadilika, kama wa mtu aliyekuja kuazima jembe akapewa shamba.

Niliielewa hali yangu vizuri kabisa; akili haikuwa imekufa, ilikuwa imelala tu. Kitanda kikibaki nje, mzee anaingia dukani na mimi narudi Nyamira. Kitanda kikirudi ndani, Cleophas anaingia nacho, na kila asubuhi nitaamka kando ya tai yake. Askari wangu alikuwa ameuzwa pande zote mbili. Na hakuna aliyekuwa ameniuliza mimi, kati ya hayo mawili, nataka lipi.

Cleophas akarekebisha kola.

"Shemeji," aliniita. Sauti ilikuwa imelainika, kama ya mtu anayezungumza na ng'ombe mgeni. "Usiwe na wasiwasi. Nyangau angependa hivi. Njoo tusaidiane. Mimi nitashika kichwani, hapa mlangoni. Wewe shika upande wa miguuni."

"Usishike," Gesare akaninong'oneza.

"Shika tu, mama," mwanamke mwingine akasema. "Aibu iingie ndani."

"Mimi na wewe, shemeji," Cleophas akasema. "Moja, mbili."

Nikakiweka chini kitambaa cha maua ya njano. Nikazunguka kitanda. Nikainama, nikashika mbao ya miguuni.

Watu wakaguna. Nikamsikia Gesare akisema, "Ee, maskini," kisha akageuza uso kwenye ndizi zake.

"Vizuri," Cleophas akasema, akitabasamu, akianza kurudi kinyumenyume kuelekea ndani. "Vizuri sana. Sukuma."

Sikusukuma.

Sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira ningeweza kuwaeleza nyinyi kilichonijia. Nilijua tu kwamba nimeambiwa nishike, nami nimeshika, na kwamba upande niliopewa ndio ulioelekea barabarani.

Nikavuta.

Kitanda kikashuka ngazi ya veranda kwa kishindo, Cleophas akiburutwa nacho, mkono mmoja kitandani, mwingine ukitafuta ukuta. "Shemeji! Huko siko! Shemeji!" Dereva wa lori la pareto akafunga breki. Watu wakafungua njia. Sikuacha. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua, mbao imenikaa mikononi, mpaka nikahisi lami chini ya nyayo zangu, na nikageuza shingo kuona nimebakiza umbali gani kufika ng'ambo, kwa fundi cherehani.

Mzee Ogari alikuwa bado ameuelekea ukuta, mikono nyuma, kichwa kimeinama kidogo, akingoja kusikia mlango wa duka ukifungwa.